Tumbo likijaa maji, tusimfungie mgonjwa ndani

Ndugu Waislamu, mama kavimba tumbo mwezi wa pili sasa, hali wala halali, anahema. Nyumbani tunasema karogwa, anapewa kombe. Kisomo ni haki yake, lakini hospitali je? Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu dawa, aliwaamuru wajitibu.

Maji hayo huweza kutokana na ini, moyo, TB ya tumbo au saratani, hasa ya ovari. Hayajulikani kwa kukisia. Daktari huyavuta kwa sindano yakapimwe maabara. Yakiwa mengi huyatoa kwa mpira mwembamba, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu ya kupumua siku hiyo hiyo. Ikionekana ni saratani, ombeni rufaa. Kwa Dar es Salaam ni Ocean Road. Homa au maumivu makali ya tumbo yakizuka, msingoje tarehe ya kliniki.

Maji hayo hurudi. Hapo ndugu huanza kunong'ona kuwa madaktari wameshindwa (wengine, Allah atusamehe, tunakwepa nauli tu). Kuyatoa tena ni kumpunguzia mateso, hata kama saratani yenyewe haiponi. Na asiyeweza kusimama aswali amekaa. Akishindwa, kwa ubavu.