Maji Hayanunuliwi, Shamba Hulimwa

Huko Kyela mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka hushuka kutoka milimani hata Ziwa Nyasa, ikiilowesha tambarare ya mpunga. Hakuna mkulima aliyeyanunua maji hayo. Lakini shamba lisilopandwa huota magugu, ijapokuwa limelowa sawasawa na la jirani.

Ndivyo ilivyo neema. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba neema hututangulia pasipo stahili yetu, nasi twaweza kuipokea ama kuikataa. Basi, ndugu wasomaji, tusiingojee katika mambo makuu tu. Dhamiri inapomchoma muuza mchele alijazie debe lililopungua, Mungu amekwisha kuanza kazi yake. Je, mkono utaongeza kibaba, au utafunga gunia?