Hodi kwa Shoka

Wakalimani wa mahakamani wanalijua swali hili, sisi waandishi wa programu hatupendi kuliuliza: ukipewa neno ambalo lugha ya pili haina, utafanya nini? Utachukua lililo karibu nalo uendelee na kazi, au utasimama useme, jamani, hili sina?

Kwangu hilo ni swali la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Na mahali ninapoliona wazi zaidi si mahakamani wala kwenye vitabu. Ni ndani ya kompyuta, pale kerneli moja inapojaribu kuelewa ishara za kerneli nyingine.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayoamua nani apate kumbukumbu, nani asubiri, nani aondolewe. Katika ukoo wa Unix, yaani Linux, FreeBSD, macOS na ndugu zao, programu moja ikitaka kuiambia nyingine jambo la haraka, huiomba kerneli ipeleke ishara. Ishara kimsingi ni namba tu, haina sentensi wala maelezo. SIGTERM, namba 15, ni hodi: tafadhali funga shughuli zako utoke. Aliyebishiwa ana nafasi ya kujibu. Anaweza kumaliza alichoshika, akafunga faili zake, akaaga ndipo akatoka. Anaweza hata kunyamaza, kama mtu anayejificha mwenye nyumba wake siku ya kodi. SIGKILL, namba 9, ni kuvunja mlango. Programu haipati hata nafasi ya kuisikia. Kerneli inaiondoa, basi.

Sasa hizo namba. Kiwango cha POSIX, ambacho ukoo huu wote unadai kukifuata, kimekubaliana juu ya chache tu kwa amri ya kill: 1, 2, 3, 6, 9, 14 na 15. Zilizobaki kila nyumba ilijipangia. Ukituma 19 kwenye Linux ya laptop ya kawaida, umesema "simama hapo hapo". Tuma 19 hiyo hiyo kwenye FreeBSD au macOS, umesema "endelea". Kinyume kabisa! Na 17, ambayo kwa FreeBSD ni amri ya kusimama, kwa Linux ni taarifa tu kwamba mtoto wako amemaliza kazi, taarifa ambayo kwa kawaida hupuuzwa.

Lakini hilo ndilo tatizo rahisi. FreeBSD imekuwa ikiendesha programu za Linux tangu miaka ya 1990, bila programu hizo kubadilishwa, na sehemu ya kazi hiyo ni jedwali: ishara ikivuka mpaka, namba ya huku inabadilishwa kuwa ya kule. Kazi ya karani. Ukiwa na subira na kalamu, imekwisha.

Tatizo la pili halina jedwali. Kuna ishara inaitwa SIGUSR1, iliyoachwa wazi ili kila programu iipe maana yake. Kwenye Linux, ukinakili diski kwa dd, ile ya GNU, ukaituma SIGUSR1, dd inakujibu kwa adabu: nimefika hapa, nimenakili kiasi hiki. Kwenye FreeBSD na macOS, swali hilo lina ishara yake yenyewe, SIGINFO, ambayo hata ina kitufe chake, Ctrl+T. Linux ya kawaida haina SIGINFO. Basi mtu aliyezoea Linux anakaa kwenye Mac, anaanza kunakili diski kubwa, anasubiri, anachoka, anaandika SIGUSR1 kwa jina, wala si kwa namba. Jina lipo na limetafsiriwa sawasawa. Lakini dd ya pale haikuwahi kuipa ishara hiyo maana yoyote, na ishara ya aina hii isiyo na mshikaji humaliza programu. Umeuliza "umefika wapi?" nayo ikafa, diski ikiwa nusu.

Anayesema Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Mwambie Mwingereza aliyejikwaa "sorry", ukimaanisha pole, na yeye atakujibu kwamba si kosa lako. Neno limefika salama, desturi imebaki nyumbani.

Tatizo la tatu ndilo linaloninyima amani, nalo ni Windows. Windows haitoki kwenye ukoo huu. Ina njia zake: Ctrl+C kwa programu za konsoli, ujumbe wa kufunga kwa zile zenye dirisha, na huduma za nyuma ya pazia huambiwa kivyake. Hodi moja inayobishwa kwenye kila mlango haipo. Kinachofanya kazi kwa karibu kila mlango ni TerminateProcess, na hiyo haibishi.

Kwa hiyo ukiandika programu kwa Node.js, halafu ukaiendesha Windows, ukatuma SIGTERM kwa programu nyingine, nini kinatokea? Inakatwa papo hapo. SIGINT vilevile, na SIGKILL vilevile. Nyaraka za Node zinakiri hivyo wazi. Hodi na shoka vimekuwa neno moja. Na wewe uliyetuma unarudishiwa true, yaani, imefanikiwa.

Nilibishana na mwenzangu kazini kuhusu hilo. Yeye hana huruma. "Buda, alitaka itoke, imetoka. Shida iko wapi?" Na ana hoja, kwa sababu hata kwenye Linux, programu isiyo na mshikaji wa SIGTERM huishia kufa ikiipata. Mkalimani amehifadhi matokeo.

Lakini matokeo siyo ujumbe. Angalia PostgreSQL, hifadhidata inayotofautisha ishara tatu za kufunga. SIGTERM: usipokee wateja wapya, ngoja waliomo wamalize. SIGINT: watoe wote sasa, tengua miamala iliyo njiani, funga vizuri. SIGQUIT: toka mara moja, tutaokota vipande tukiwasha tena. Ukimleta mkalimani anayeyageuza yote matatu kuwa "kufa", hajapunguza maneno tu. Amemnyang'anya aliyebishiwa dakika zake za kujiandaa, na dakika hizo ndizo hodi yenyewe. Tena amemnyang'anya mtumaji kitu pia: habari kwamba hodi yake haikubishwa. Mtu akijua hivyo angeweza kusubiri, au kupiga simu. Haya, hata kuvunja mlango, lakini kwa kuamua.

Waandishi wa PostgreSQL waliliona hilo. Kwa Windows walijenga njia yao wenyewe, bomba ambalo kila mchakato wa hifadhidata unalisikiliza, ili ishara zibaki na maana zake. Ni kazi zaidi. Microsoft nao walipitia njia ndefu: mwaka 2016 walitoa tabaka la kutafsiri maombi ya Linux kwa kerneli ya Windows, na mwaka 2019 wakatangaza toleo la pili ambalo, badala ya kutafsiri, linaleta kerneli ya Linux yenyewe ndani ya mashine pepe. Sababu zao zilikuwa kasi na kupatana na programu nyingi zaidi. Mimi nasoma humo pia uchovu wa mkalimani: afadhali kumkaribisha mgeni na lugha yake nzima kuliko kumsemea.

Kinachonishangaza ni kwamba libuv, maktaba iliyo chini ya Node, inajua kusema ukweli. Ipe kwenye Windows namba ya ishara isiyo na mwenzake kule, inakurudishia kosa: hili halipo hapa. Uaminifu huo inao kwa maneno ya pembeni. Kwa neno linalotumika zaidi, hodi, imeamua kutuficha.

Mwenzangu bado ananiambia kwamba ningekuwa zamu saa nane usiku, seva imeganda, nisingetaka kuambiwa "halipo hapa", ningetaka kitu kife. Sawa. Usiku huo nipe neno la kuua, kwa jina lake. Windows inalo tayari, linaitwa TerminateProcess, na halijawahi kujifanya hodi.