Chombo cha Mkataba: Haki ya Mwenye Mali na Haki ya Aliyekwisha Lipa

Jueni, ndugu zetu, kuwa katika mitaa ya Kinondoni na Temeke limeenea jambo ambalo wengi hulifanya na wachache huuliza hukumu yake. Mtu hununua pikipiki au bajaji akampa kijana kwa mkataba. Kijana humletea hesabu kila siku, na muda ukitimia chombo huwa chake. Kadi hubaki kwa tajiri mpaka shilingi ya mwisho. Kijana akikosa hesabu siku kadhaa, tajiri huja kijiweni akachukua chombo, na yote aliyolipwa yakawa yamekwenda. Je, ni halali?

Tajiri hujibu: "Kadi ina jina langu, naye alitia sahihi." Jawabu hili si la kupuuzwa. Wengi wa matajiri hao ni matajiri kwa jina tu: mjane aliyeuza kiwanja, au mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote katika chombo kimoja. Na Mwenyezi Mungu, mwanzo wa Suratul Maida, ametuamuru kutimiza mikataba. Kadhalika Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemwita dhalimu mwenye uwezo achelewaye kulipa deni. Kijana apataye hesabu akaila kwa anasa, kisha akasingizia mvua, hana hoja.

Lakini hapana budi tuulize kwanza: mkataba huu ni wa kuuza au wa kukodisha? Ikiwa ni wa kukodisha, chombo ni cha tajiri, na aliyolipwa ni ujira wa siku zilizopita. Ila basi siku ambazo chombo kimelala gereji kwa kuharibika chenyewe hazina ujira, na kikiibwa bila ya uzembe wa kijana, kijana halipi, maana yeye ni mwaminiwa. Na ikiwa ni wa kuuza, chombo ni cha kijana, na alichonacho tajiri ni deni. Kadi kukaa kabatini mwa tajiri hakuigeuzi hukumu hiyo.

Nasi twaona tajiri hutaka yote mawili. Injini ikifa husema, "Chombo chako hicho, kitengeneze." Hesabu ikikosekana husema, "Chombo changu hicho, kilete." Hasara ikija ameuza, faida ikija amekodisha. Hapo ndipo penye dhuluma, wala sahihi ya kijana haiifuti, kwani katika kisa cha Barira Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa sharti lililo kinyume cha hukumu ya Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia.

Basi ikiwa ni kuuza na kijana ameshindwa, tajiri afanyeje? Kwanza, mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula. Hiyo ni amri ya Suratul Baqara, aya ya 280. Pili, akithibitika mbele ya hakimu kuwa amefilisika, muuzaji aliyeikuta mali yake ile ile ana haki ya kuirudia. Lakini madhehebu yetu ya Imamu Shafi yasema: akiwa amekwisha pokea sehemu ya bei, hairudii mali ila kwa kadiri ya bei iliyobaki. Tuseme bei ni shilingi 3,600,000, na kijana amelipa 3,000,000. Iliyobaki ni sudusi ya bei, basi haki ya tajiri katika chombo ni sudusi. Akichukua chombo kizima, zile sudusi tano amezila kwa hukumu gani?

Hata sheria za serikali zimeliona jambo hili. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 1968 ya kununua kwa kukodi, katika mikataba inayohusika nayo, mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei hanyang'anywi mali ila kwa njia ya mahakama. Na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 74, humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi, isiyopita kile kilichotajwa.

Tena iko adabu ya kuchukua. Wanavyuoni wetu wamesema: mwenye kustahiki mali yake yenyewe aweza kuitwaa mwenyewe ikiwa hachelei fitina, akichelea, ni wajibu aende kwa kadhi. Basi yeye ajaye usiku Mbagala au Tandale na vijana wenye marungu, akamshusha mtu mbele ya abiria wake, fitina hiyo amekuja nayo yeye mwenyewe.

Nasaha yetu ni hii. Andikeni mikataba, nanyi muiite kwa jina lake. Atakaye kukodisha, akodishe kwa ujira wa haki, na ayachukue mazito ya mwenye mali. Atakaye kuuza, auze, atake mdhamini, na kila hesabu iandikwe katika daftari mbili. Na anayerudisha chombo, na aketi na kijana mbele ya mashahidi, wahesabu kilicholipwa na kilichobaki, kisha kila mmoja aondoke na chake. Mjane atapata haki yake yote, na kijana hatarudi kwa watoto wake mikono mitupu baada ya kulipa siku mia tatu.

Wallahu aalam.