Anunuaye Kamera, Amenunua na Siri Iliyomo?

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu huyaona madogo mpaka siku yatakapomfika mkononi mwake. Mimi ni mpenzi wa kukusanya kamera za zamani, hasa zile zenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Sikudhani kwamba mapenzi hayo yangeniingiza katika suala la amana.

Kamera hizo zina tabia yake. Mashuhuri kuliko zote ni Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929 katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Baadaye Wajapani nao walitengeneza zao, kama vile Yashica-Mat ya mwaka 1957. Lenzi ya chini ndiyo ipigayo picha. Ya juu ni ya kuangalilia tu. Nyuma ya hiyo ya juu pana kioo kilichowekwa mshazari, nacho huipeleka sura juu, kulia kukaonekana kushoto na kushoto kukaonekana kulia. Mpigaji huishika kamera usawa wa tumbo, akainamisha kichwa kuitazama. Filamu yake, ile ya namba 120 ambayo hata leo inatengenezwa, hutoa picha 12 tu za mraba, sentimita 6 kwa 6. Basi mwenye kuitumia hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza.

Miaka michache iliyopita nilinunua Yashica-Mat kwa muuza vitu vikuukuu mjini Mombasa. Nilipofika nyumbani nikaona katika kidirisha cha hesabu imesimama namba 9, na mkono wa kuzungushia una uzito. Maana yake ilikuwa wazi: ndani mna filamu, na mtu alikwisha kupiga picha nane au tisa, kisha akaiacha. Lau ningefungua mgongo wa kamera, mwanga ungeweza kuziunguza. Na lau ningeizungusha filamu mpaka mwisho, nikaitoa na kuipeleka kusafishwa, huenda ningeona sura za watu nisiowajua. Nafsi ikaniambia: "Umeinunua kwa pesa zako, kilichomo ndani ni chako." Je, ndivyo?

Wanaosema ndivyo wana hoja zao, wala si za kudharauliwa. Husema: muuzaji ameuza chombo na vyote vilivyomo, mwenyewe hajulikani, na picha ikiachwa itaoza, ilhali pengine ina faida kwa watu.

Mfano mkubwa wa hoja hii ni Vivian Maier, yaya wa watoto katika mji wa Chicago, Marekani. Kwa miaka mingi alitembea mitaani na Rolleiflex yake, akapiga picha zaidi ya 100,000, wala hakuzitangaza. Filamu nyingine hakuzisafisha kabisa. Mwaka 2007 masanduku yake yalinadiwa kwa sababu ya deni la kodi ya mahali alipoyaweka. Alifariki mwaka 2009, na baada yake jina lake likaenea ulimwenguni. Lau si wanunuzi wale, huenda picha zile zingetupwa jaani. Hiyo ni kweli. Lakini na hili pia ni kweli: siku ya mnada mwenyewe alikuwa hai. Mwaka 2014 suala la nani mrithi wake lilifika mahakamani. Ama suala la yeye mwenyewe alitaka nini, hakuna mahakama iwezayo kulijibu.

Kwa maoni yangu, kuna tofauti baina ya chombo na siri iliyomo ndani ya chombo. Mtu akinunua kasha mnadani akakuta ndani barua za mume na mke, kasha ni lake. Je, ana ruhusa ya kuzisoma barazani? Na sisi watu wa pwani twajua zaidi maana ya picha. Wangapi katika mama zetu walipigwa picha ndani ya nyumba, bila ya buibui, kwa kuwa mpigaji ni mume au ndugu, na picha itakaa ndani ya albamu? Itibari ile haikuuzwa pamoja na kamera. Muuzaji hakuwa nayo hata aiuze. Na ikiwa mwenye kuokota mali njiani ameamrishwa aitangaze mwaka mzima, vipi aliyeokota sitara ya mtu?

Basi nilirudi kwa muuzaji, naye akanielekeza nyumba ilikotoka kamera. Nikamkuta bibi mmoja, binti wa marehemu mwenye kamera. Nilipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kazisafishe, mwanangu, lakini asizitazame mtu kabla yangu." Nikampelekea filamu mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, nikamweleza sharti. Akanipa bahasha iliyofungwa, akasema zimesalimika tatu tu. Nikaifikisha kama nilivyoipokea. Bibi aliingia nayo chumbani, akakaa sana, akatoka macho mekundu, akaniombea dua. Mpaka leo sijui zilikuwa picha za nani. Kamera ninayo, naitumia, na furaha yangu kwayo haikupungua hata chembe.

Huenda ukasema, ndugu msomaji, kwamba kamera hizo wanazo wachache. Lakini leo simu huuzwa na kununuliwa kila siku, na ndani yake hubaki picha za arusi, za watoto, za chumbani. Aliyeinunua huzipekua akacheka, na pengine akawatumia wenziwe. Simu moja yaweza kubeba sitara ya nyumba nzima. Basi auzaye asafishe kabla ya kuuza, na anunuaye, akikuta kisicho chake, amrudishie mwenyewe, na asipompata akifute bila ya kukitazama.

Wabillahi tawfiq.