Usivuke Mpaka Bila Muhuri

Wajukuu zangu wa Busia, Malaba na Namanga, nisikilizeni. Mpaka wetu uko wazi, na hiyo ni neema. Tangu Julai 2010, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limetupa haki ya kutafuta kazi kwa jirani. Mama zenu huvuka asubuhi na samaki, jioni wamerudi kupika. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni na yule anayekuja nyumbani jioni, mara nyingi mtu tunayemjua: rafiki wa shangazi, au jirani mnayesali naye kanisa moja. Anasema kuna kazi ya nyumba Nairobi, nauli juu yake. Ukimuuliza jina la mwajiri, anakwambia utamjua hukohuko. Mkifika mpakani hakupeleki uhamiaji. Anakupakia bodaboda, mnapita njia ya panya nyuma ya nyumba za watu, na mkishavuka anakuomba kitambulisho na simu akutunzie. Hapo, binti yangu, umeshapotea. Hakuna daftari linaloonyesha kwamba ulitoka kwenu. Ile nauli imegeuka deni, nawe utalilipa danguroni, au jikoni kwa mtu bila mshahara. Kwa wengine Nairobi ni kituo tu, safari inaendelea mpaka Ghuba. Uganda ilipopiga marufuku mwaka 2016 kupeleka wafanyakazi wa ndani Saudia, walanguzi waliwapitisha wasichana Kenya.

Aliyedanganywa asione aibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba kukubali kwako hakumwondolei mlanguzi hatia, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Uganda na Tanzania nazo zina sheria zao. Lakini binti akirudi kijijini tunamsema vibaya, naye ananyamaza, na mlanguzi anarudi kuchukua mwingine. Sisi wazee tuna lawama hapo.

Ukitaka kwenda, nenda. Ila pita uhamiaji upigiwe muhuri, mwachie mama jina na namba ya mwajiri, na kitambulisho chako kisitoke mkononi mwako. Na ukijua mtoto yeyote aliyechukuliwa, piga 116. Ni bure, na namba ni hiyohiyo Kenya, Uganda na Tanzania. Piga siku hiyohiyo, usisubiri kesho.