Birika la Yazd: Maji ni ya Nani?

Yazd, mji wa Iran uliozungukwa na jangwa, hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka. Hata hivyo watu wameishi humo karne na karne, na kiangazi walikunywa maji baridi. Waliyahifadhi katika ab anbar, birika lililochimbwa chini ya ardhi na kuezekwa kuba la matofali. Birika moja maarufu, Shish Badgiri, lina minara sita ya upepo. Upepo ulinaswa juu, ukashuka, ukapita juu ya maji, kisha ukatoka pamoja na joto. Mchotaji aliteremka ngazi ndefu hadi kwenye bomba lililo karibu na sakafu ya birika, penye maji baridi kuliko yote. Kuta za birika zilikandikwa kwa chokaa, udongo, mchanga na majivu, vikichanganywa na ute wa yai na manyoya ya mbuzi, maji yasipenye.

Sasa, maji hayo ni ya nani?

Wanachuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hufundisha kwamba maji yakiwa mtoni, watu wote ni washirika. Yakishatiwa chomboni, yana mwenyewe. Birika ni chombo. Tajiri aliyewalipa wachimbaji na waashi angeweza kuuza kila mtungi. Mabirika mengi ya mitaani, hata hivyo, yaliwekwa wakfu, yasiuzwe wala kurithiwa. Hapo ndipo umiliki unapopata maana yake ya kidini: asiyekuwa na haki ya kuuza hawezi kusema ametoa.

Lakini baadhi ya mabirika ya Yazd yana ngazi mbili, moja ya Waislamu na nyingine ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran, kwa sababu ya kanuni za tohara. Maji ni yale yale. Jirani alipewa kinywaji, ila hakupewa njia moja na mwenzake. Wema wa mtoaji haufutiki kwa hilo, ila mpaka wake unaonekana wazi.

Kwingineko, katika mifereji ya falaj ya Oman, mahali pa kwanza maji yanapotokeza ni pa kunywa, bure kwa kila mtu. Msikiti na mabafu hufuata, kisha mashamba, ambako kila mwenye hisa ana zamu yake. Kiu imetangulizwa mbele ya ibada na mali.

Mfadhili anayechimba kisima cha sadaka leo ana uamuzi huo huo mbele yake. Kabla jina lake halijaandikwa ukutani, inampasa aseme ufunguo wa pampu atashika nani, na nani hatazuiwa kuchota.