Kalamu ni ya Nani?

Mara nyingi hapa Misigiri twasikia wazazi wakiulizana: Binti akijua kuandika, je, atakuwa huru, au atapotea? Swali hili si geni. Na tulitazame katika maisha ya mwanamke mmoja wa pwani.

Salme, binti wa Sayyid Said mtawala wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, bali kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Je, elimu ile ilimpa uhuru? Mwanzo haikumpa. Mwaka 1859 nduguye Barghash alifanya shauri la kumwondoa ndugu yao Sayyid Majid katika ufalme. Salme, msichana wa miaka 15, akafanywa mwandishi wa shauri lile, maana alijua kuandika. Mkono ulikuwa wake, lakini maneno yalikuwa ya wengine. Shauri likavunjika, watu wakafa, naye akajuta.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja katika manowari ya Kiingereza, kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanya biashara Mjerumani aliyempenda. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden kwa jina la Emily, akaolewa siku iyo hiyo. Mwaka 1870 mumewe akafa mjini Hamburg kwa ajali ya tramu, naye akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya ugeni. Akafundisha lugha apate riziki. Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Unguja pamoja na manowari zao, wapate kumsukuma Barghash, ambaye wakati huo alikuwa Sultani. Basi akawa tena chombo cha wengine.

Lakini mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, alichokianza kwa ajili ya watoto wake. Hapo kalamu ikawa yake mwenyewe.

Twatamani kuishia hapo na kumsifu. Walakini katika kitabu kicho hicho aliutetea utumwa wa kwao. Sisi watu wa bara, ambao ndugu zetu wa zamani walifungwa na kupelekwa pwani, twayasoma maneno hayo kwa uchungu. Aliyeutafuta uhuru wake kwa machozi hakuuona uhuru wa wale waliomchotea maji.

Basi twajifunza nini? Kujua kuandika ni mlango tu. Mtu aweza kuupita mlango huo akabaki mtumishi wa maneno ya wengine. Tena aweza kusema maneno yake mwenyewe, na bado akamsahau jirani yake. Uhuru ulio kamili ni kusema kweli mbele ya Mungu, hata kweli ile inayotuhukumu sisi na nyumba ya baba yetu.

Kwa hiyo wazazi, tusiwanyime binti zetu kalamu kwa hofu. Waliomnyima Salme hawakumzuia. Walimfanya ajifunze pasipo mwongozi. Bali tukiisha kumpa binti kalamu, tumfundishe kujiuliza kila anapoandika: Neno hili ni la nani, na ni nani atakayeumia kwalo? Nasi wanaume tuliosoma kabla yao, yatupasa kujiuliza vivyo hivyo.